Mzee Njenga Karume: Kutoka Gunia la Makaa hadi Mlango wa Hoteli

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati katika mkutano wetu wa mwaka)



Kila mwaka kamati huchagua mtu mmoja wa kwetu tumzungumzie kabla ya harambee kuanza. Mwaka huu tuliombwa mfanyabiashara. Jina halikutuchukua muda. Kilichotuchukua jioni mbili na birika kadhaa za chai ni tuseme nini juu yake. Wengine kati yetu walimpigia kura kila alipogombea. Wengine walimpigia mpinzani wake, na hawajutii. Wako waliomwona kama baba wa biashara za Waafrika hapa Kiambu, na wako waliomwona kama tajiri aliyekaa karibu mno na serikali kwa muda mrefu mno. Basi tulikubaliana tuseme yote mawili, na aliyekuja kusikia sifa tupu atuvumilie.

Sisi si familia yake wala hatuisemei. Tunayotaja hapa ni mambo yaliyo wazi kwa watu wote. Mengine aliyaeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2009, ambacho jina lake la Kiingereza linasema safari yake ilikuwa kutoka makaa hadi dhahabu.

James Njenga Karume alizaliwa mwaka 1929. Watoto wa siku hizi wanadhani alizaliwa hapa Kiambaa kwa sababu nyumba yake kubwa ilikuwa Cianda. Sivyo. Alizaliwa Elementaita, katika Bonde la Ufa, kwenye mashamba ya walowezi, mtoto wa wazazi waliokuwa maskwota. Wazee waliopo hapa hawahitaji kuelezwa skwota ni nani, lakini vijana tuwaeleze. Watu wetu wengi walitoka Kiambu wakahamia Bonde la Ufa kwa sababu ardhi ya hapa ilikuwa imechukuliwa au imekuwa finyu. Mlowezi alikupa mahali pa kujenga kibanda, kulima kidogo na kulisha mifugo michache, nawe ukamfanyia kazi kwa ujira mdogo. Mwanamume alivaa kipande chake shingoni ndani ya kikasha cha bati. Siku mlowezi akisema mifugo yako imezidi, unapunguza. Akisema uondoke, unaondoka na nyumba inabaki. Hapo ndipo mtoto huyu alipofungulia macho.

Shule aliyopata ilikuwa kidogo. Hili tunalitaja kwa sababu mara nyingi linasemwa vibaya, kana kwamba ni fahari. Utamsikia kijana akikwepa karo ya muhula wa tatu akikwambia, "Hata Karume hakusoma." Tunamjibu kijana huyo kwamba mtu aliyekosa shule kwa sababu ya kipande cha baba yake si sawa na mtu aliyeiacha shule iliyo umbali wa dakika kumi kwa miguu.

Biashara yake ya kwanza iliyojulikana ilikuwa makaa. Kiambu ya wakati ule ilikuwa na miwati kila ukingo wa shamba. Gome liliuzwa kwa ajili ya kulainisha ngozi, na mti uliobaki ukachomwa makaa. Nairobi ilipika kwa makaa. Aliyeweza kuyatoa huku yakafika mjini yakiwa makavu, kwa magunia yaliyojaa kweli, alipata wateja. Inaonekana rahisi ukiisema hivyo. Lakini wale waliowahi kuchoma makaa wanajua kwamba tanuri halilali. Ukisinzia usiku mmoja udongo ukafunguka upande mmoja, asubuhi unakuta majivu. Na ukifika sokoni na magunia ya juu makaa mazuri, chini vumbi, utauza mara moja tu.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kwa mfanyabiashara Mkikuyu ilikuwa kama mtu kufungiwa duka akiwa ndani. Kusafiri kulihitaji karatasi. Kuingia Nairobi kulihitaji karatasi nyingine. Mwaka 1954 watu wakakusanywa vijijini, nyumba mstari kwa mstari, na kafyu juu yake. Mama zetu walichimba handaki kuzunguka vijiji hivyo. Watu wa rika la Karume walijifunza biashara katika miaka hiyo, na sisi tunaamini ndiyo sababu wengi wao hawakuogopa sana matatizo ya baadaye. Mtu aliyewahi kupitisha mzigo kwenye vizuizi vya wakati ule haogopi barua ya benki.

Kutoka makaa na mbao alikwenda kwenye malori, na kutoka malori akaingia kwenye usambazaji wa bia. Hapa ndipo pesa kubwa zilipotoka. Uhuru ulipokuja, kampuni kubwa zilihitaji Waafrika wa kusambaza bidhaa zao, na Karume alikuwa tayari na magari, na alijua kila duka na kila baa kutoka hapa hadi mbali. Hatutajifanya kwamba bia ni biashara isiyo na lawama. Wako kina mama katika ukumbi huu waliolipa gharama ya bia bila kuionja. Lakini ukweli ni kwamba Mwafrika kuaminiwa na mzigo mkubwa namna ile kwa mkopo, kuuuza na kurudisha pesa kwa wakati, kulifungua mlango ambao wengine wengi walipitia baada yake.

Sasa tuje kwenye hoteli, maana ndizo zilizotufanya tumchague.

Kwetu neno hoteli lina maana mbili na zinatuchanganya. Ukimwambia mzee wa Karuri, "Nakungoja hotelini," atakwenda moja kwa moja kwenye meza ya chai, mandazi na maharagwe. Ile yenye vitanda kwa kawaida tunaiita lojingi, na tunaitaja kwa sauti ya chini kidogo. Hoteli kwa maana ya wazungu, yenye mapokezi, bustani na mtu wa kubeba begi, tuliiona kwa muda mrefu kama kitu cha kupita mbele yake. Wengi wetu tulizijua kutoka jikoni au kwenye chumba cha kufulia shuka, kwa sababu huko ndiko tulikoajiriwa.

Karume alimiliki Jacaranda ya Westlands, Nairobi. Alimiliki hoteli ya ufukweni Diani, pwani ya kusini. Na alimiliki lojingi ya watalii, tena lojingi ya kutajwa kwa sauti ya juu, Elementaita.

Mnaliona hilo? Mtoto wa skwota alirudi Elementaita akiwa mwenye nyumba. Katika kikao cha kamati, mzee mmoja ambaye naye alizaliwa Bonde la Ufa alinyamaza tulipofika hapa, kisha akasema tu kwamba baba yake hakuwahi kuruhusiwa kupita mlango wa mbele wa nyumba ya bwana. Hatukuandika zaidi ya hapo kwenye kumbukumbu za kikao.

Biashara ya vitanda ni ngumu kuliko ya makaa, na tunaomba wale wenye ndoto ya kujenga gesti Ruaka au Ndenderu watusikilize kidogo. Gunia la makaa lisiponunuliwa leo litanunuliwa kesho. Kreti ya bia vilevile. Kitanda kilicholala bila mgeni jana, usiku ule umekwenda na hauuzwi tena. Lakini mpishi amelipwa, askari wa usiku amelipwa, maji ya bustani yamemwagwa, taa za korido zimewaka. Diani mwenye hoteli anajua kwamba mvua za masika zikianza mwezi wa nne wageni hupungua, na lazima alichovuna Desemba na Agosti kimvushe. Kisha linatokea jambo lisilomhusu kabisa. Mwaka 1997 zilitokea ghasia za Likoni, na vyumba vya pwani ya kusini vikabaki vitupu. Mwaka 1998 bomu lililipuka Nairobi. Mwaka 2002 hoteli ya Kikambala ilishambuliwa. Mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, watalii walifuta safari kwa maelfu. Kila mara hiyo mwenye hoteli anabaki na shuka safi na deni. Ndiyo maana matajiri wengi wa rika lake walipendelea ardhi na majumba ya kupangisha. Mpangaji hafuti safari.

Basi kwa nini aliingia? Hatukumuuliza, na sasa haiwezekani. Sisi tunadhani kwamba alipenda watu. Wanaomkumbuka wanakumbuka mzungumzaji wa Kikuyu cha ndani, mtu wa hadithi na vichekesho, aliyeweza kushika umati bila karatasi. Hoteli ni biashara ya mtu wa namna hiyo. Mtu asiyependa wageni asijenge.

Siasa tutazipitia haraka, maana tukikaa hapo hatutafika kwenye harambee. Alikuwa mwenyekiti wa GEMA, umoja wa Wakikuyu, Waembu na Wameru, kuanzia mwaka 1973 hadi vyama vya kikabila vilipoamriwa kuvunjwa mwaka 1980. Alikuwa mmoja wa wale waliotaka Katiba ibadilishwe mwaka 1976 ili Makamu wa Rais asishike madaraka moja kwa moja Rais akifariki. Walishindwa, na Moi akawa Rais mwaka 1978. Mwaka 1979 alichaguliwa mbunge wetu wa Kiambaa. Vyama vingi viliporudi alijiunga na Democratic Party ya Mwai Kibaki, na mwaka 1992 sisi wenyewe, watu wa kwake, tukamwangusha. Alirudi bungeni baadaye, akawa Waziri wa Ulinzi katika serikali ya Kibaki, na mwaka 2007 tukamwangusha tena.

GEMA, hata hivyo, inatuhusu kuliko siasa zile nyingine, kwa sababu ilikuwa chama cha maendeleo kama hiki chetu, ila kikubwa mara nyingi. Watu walitoa hisa zao ili kununua mashamba na biashara. Na si GEMA peke yake. Miaka ile kila kona ilikuwa na kampuni ya kununua ardhi. Wako waliopata mashamba, na wajukuu wao wanayalima hadi leo. Wako waliotoa pesa na kubaki na risiti. Tunazo nyumbani kwetu risiti hizo, za karatasi ya manjano, zimekunjwa ndani ya Biblia. Tunapowaomba pesa leo tunajua vizuri kabisa kwamba kuna mama hapa ambaye mumewe alikufa akingoja hati miliki. Akituuliza maswali kuhusu hesabu zetu, tusimwone mkorofi.

Kuna kesi moja ambayo lazima tuitaje. Baada ya miaka mingi ya kusambaza bia, mkataba wa kampuni yake ulikatishwa. Alikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ilimpa ushindi na fidia ya mamia ya mamilioni ya shilingi. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ikaufuta ushindi huo. Watu wetu wengi bado wanaizungumzia kesi hiyo kwa hasira, wakisema alionewa. Sisi si mahakimu. Tunachokiona ni kwamba biashara iliyomjenga ilikuwa imesimama juu ya karatasi ambayo mwenzake angeweza kuikatisha. Na kila mwenye duka hapa, kila mwenye lori la maziwa, kila kijana aliye na pikipiki ya mkopo, ana karatasi ya namna hiyo kwenye droo. Wangapi mmeisoma hadi ukurasa wa mwisho?

Hakufilisika kwa kukosa mzigo wa bia, kwa sababu wakati huo hakuwa na kitu kimoja. Alikuwa na mashamba, majengo na hoteli. Wazee walikuwa wanasema alitanua mno. Pengine. Lakini mguu mmoja ulipokatwa alibaki amesimama.

Alifariki tarehe 24 Februari 2012, akiwa na zaidi ya miaka themanini. Mali aliiacha chini ya wadhamini, isigawanywe vipande vipande, bali itunzwe pamoja kwa faida ya watoto na wajukuu. Wazo lilikuwa jema, na tunaamini lilitokana na kile alichokiona hapa kwetu. Tazameni Ruaka. Palikuwa na kahawa, leo ni fleti juu ya fleti, na baadhi ya waliouza sasa wamepanga chumba kimoja katika ardhi iliyokuwa ya babu yao. Mtu aliyeanza bila ardhi hataki ardhi igawanywe baada yake. Hata hivyo, yaliyofuata yalisomwa magazetini na kila mmoja wetu: watoto na wadhamini walifikishana mahakamani, wakilaumiana juu ya usimamizi na madeni. Hatutamnyoshea mtu kidole. Familia ngapi katika ukumbi huu zina kesi ya urithi Kiambu mjini? Tulipouliza swali hili katika kamati, kamati ya watu tisa, mikono minne ilipanda.

Sasa tuseme lililotuleta.

Chama hiki kwa miaka mingi kimeishi kwa kumngojea mtu mkubwa. Tunalisema bila kuficha kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliotuma barua hizo. Kila tulipopanga harambee, swali la kwanza lilikuwa, "Mgeni wa heshima ni nani?" Karo ya watoto ikawa ya swali la pili. Tulikodi hema kubwa, tukapika, tukampigia makofi mheshimiwa, akatangaza ahadi yake kwa kipaza sauti. Kisha mhazini wetu akaanza kazi ya kumtafuta kwa simu. Mmoja wa wageni hao, hatutamtaja, alitupa hundi mbele ya kamera, na wiki ya pili hundi hiyo ikarudi. Tayari tulikuwa tumewaandikia wakuu wa shule kwamba karo inakuja. Wasichana wawili walikaa nyumbani nusu muhula. Mmoja alirudi shuleni, wa pili hakurudi. Mama yake bado anauza mboga pale Banana na bado anatusalimia vizuri, na salamu hiyo ndiyo inayotuuma.

Kamati ilifanya kosa, si mgeni peke yake. Tulitumia pesa ambayo haikuwa imefika. Mwuza makaa asingefanya hivyo.

Ndiyo maana mwaka huu hamwoni meza kuu yenye kitambaa cheupe. Hamwoni mgeni wa heshima. Tulipoamua hivyo, wanachama wengine walituambia tumekufa, kwamba bila jina kubwa kwenye kadi hakuna atakayekuja. Mmekuja. Hatujui bado kama mtatoa, hilo tutalijua jioni.

Tumebadilisha pia jinsi ya kutoa. Tuliwaendea wenye biashara wa hapa hapa, wale wa maana zote mbili za hoteli: mwenye kibanda cha chai, mwenye lojingi, mwenye duka la dawa, mwenye mashine ya kusaga, vijana wa bodaboda. Hatukuwaomba ahadi kubwa ya siku moja. Tuliwaomba kiasi wanachoweza kukitoa kila mwezi bila kukopa, kiende moja kwa moja kwenye akaunti ya basari, na risiti itoke siku hiyo hiyo. Matangazo yao yamo katika kurasa za nyuma za kitabu hiki. Msiyaruke. Waliyalipia, na wengine wao ni watu ambao hamjawahi kufikiria kwamba wana kitu cha kutoa. Mama mmoja wa mandazi alituuliza kama jina lake linaweza kuandikwa kwa herufi ndogo ili bei ipungue. Tumeliandika sawa na ya wengine wote.

Jambo la mwisho, kwa wale watakaotaka kujua hesabu. Tangu ile hundi iliporudi tumekubaliana kwamba hatumwandikii mkuu wa shule yeyote kabla pesa haijaingia benki. Orodha ya wanafunzi wanaongoja iko kwa katibu, bila majina ya familia, kwa sababu umaskini wa mtu si wa kubandikwa ukutani. Daftari la mapato na matumizi liko juu ya meza iliyo karibu na mlango, limefunguliwa, na mhazini ameketi kando yake. Yeyote mwenye risiti ya zamani ya chama hiki ambayo hakuona kazi yake, aje nayo. Tumetenga saa nzima baada ya chakula kwa ajili ya watu hao, na tutaanza na wazee.

Karatasi za kujiandikisha kwa mchango wa kila mwezi zinapitishwa sasa na vijana waliovaa fulana za kijani. Kalamu zirudishwe, tafadhali. Za mwaka jana hazikurudi.